Henry Darcy

Henry Philibert Gaspard Darcy (Dijon, Ufaransa, 10 Juni 1803 – Paris, Ufaransa, Januari 1858) alikuwa mhandisi Mfaransa aliyeuletea mji wa Dijon maji safi na kugundua kanuni inayoeleza jinsi maji yanavyopita katika mchanga. Kanuni hiyo, inayojulikana kama Kanuni ya Darcy, ni msingi wa elimu ya maji ya ardhini. Tangu karne ya 20 hutumiwa pia kukadiria mwendo wa mafuta na gesi ndani ya miamba. Kipimo cha uwezo wa mwamba kupitisha maji, mafuta au gesi huitwa darcy kwa heshima yake.

Utoto na elimu

Darcy alizaliwa Dijon, mji mkuu wa jimbo la zamani la Burgundy, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Joseph Darcy, alikuwa mtumishi wa serikali. Alifariki mwaka 1817, Henry akiwa na umri wa miaka 14, akamwachia mjane wake watoto wawili wa kiume wa kulea.

Mama yake hakuwa na fedha nyingi, lakini alitaka wanawe wasome. Alikopa ili kuwalipia walimu, na mtoto wake mkubwa akapata msaada wa masomo. Mwaka 1821 Henry alijiunga na École Polytechnique mjini Paris, shule iliyowafundisha vijana hodari wa hisabati na sayansi. Miaka miwili baadaye alihamia École des Ponts et Chaussées, shule ya serikali ya wahandisi wa barabara na madaraja. Wahitimu wake waliingia moja kwa moja katika utumishi wa umma, na Darcy aliutumikia umma hadi mwisho wa maisha yake.

Baada ya kumaliza masomo alifanya kazi kwa muda mfupi mahali pengine, kisha akarudishwa Dijon. Mwaka 1828 alimwoa Henriette Carey, mwanamke wa asili ya Kiingereza ambaye familia yake iliishi mjini humo. Hawakujaliwa kupata watoto.

Shida ya maji mjini Dijon

Wakati huo wakazi wa Dijon walitegemea visima vifupi vilivyochimbwa karibu na nyumba zao. Vyoo na mashimo ya taka yalikuwa karibu na visima hivyo, na uchafu ulipenya ardhini hadi kwenye maji. Kijito cha Suzon, kilichopita katikati ya mji, kilikuwa kimegeuka mfereji wa maji machafu. Matajiri waliweza kununua maji kutoka mbali, lakini maskini walikunywa walichopata.

Suluhisho la kwanza lililojaribiwa lilikuwa kuchimba kisima kirefu ndani ya mji. Kilifikia kina cha zaidi ya mita 150, lakini maji yake hayakutosha mahitaji ya mji mzima. Darcy alilijua vizuri jaribio hilo. Liliposhindwa, aliacha kutafuta maji chini ya mji na kuanza kuyatafuta nje yake.

Mradi wa Rosoir

Mwaka 1834 Darcy aliwasilisha mpango wa kuleta maji kutoka chemchemi ya Rosoir, iliyoko kaskazini mwa Dijon katika bonde la Suzon. Chemchemi hiyo ilikuwa juu kuliko mji, kwa hiyo maji yangeweza kushuka yenyewe bila pampu. Alipendekeza mfereji wa mawe uliofunikwa, wenye urefu wa takriban kilomita 12.7, ili maji yasichafuke njiani wala kupata joto la jua.

Baraza la mji lilikubali mpango huo mwaka 1835, na ruhusa ya serikali ya kifalme ilipatikana mwishoni mwa 1837. Ujenzi ulianza Machi 1839. Tarehe 6 Septemba 1840, baada ya takriban mwaka mmoja na nusu, maji ya Rosoir yalifika kwenye tangi kubwa la mji.

Kazi haikuishia hapo. Katika miaka iliyofuata mabomba ya chuma yalitandazwa chini ya mitaa, yakafikia kilomita 28 hivi kufikia mwaka 1844. Tangi la pili lilijengwa upande mwingine wa mji. Vilula zaidi ya 140 viliwekwa barabarani, kila kimoja takriban mita 100 kutoka kingine, ili mtu asitembee mbali kuchota maji. Maji ya vilula yalikuwa ya bure. Darcy aliamini kwamba maji ni haki ya kila mkazi kabla ya kuwa bidhaa, na kwamba anayepaswa kufikiriwa kwanza ni maskini. Maji hayohayo yalitumika kuosha mitaa na kuzima moto.

Kwa kazi hiyo Darcy alistahili malipo makubwa, yanayokadiriwa kufikia faranga 55,000, lakini aliyakataa. Alikubali medali ya dhahabu kutoka kwa mji pamoja na maji ya bure nyumbani kwake kwa maisha yake yote. Mwaka 1842 serikali ilimtunukia nishani ya Légion d'honneur.

Reli na mapinduzi ya 1848

Mwaka 1840 Darcy alikuwa mhandisi mkuu wa mkoa wa Côte-d'Or, ambao makao yake makuu ni Dijon. Wakati huo Ufaransa ilikuwa ikipanga reli ya kutoka Paris hadi Lyon. Darcy alipigania njia itakayopita Dijon, ingawa ilizuiliwa na milima. Alipendekeza kuitoboa milima hiyo kwa handaki la Blaisy, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 4. Handaki lilijengwa, na reli iliupa mji wa Dijon nafasi mpya katika biashara ya nchi.

Februari 1848 mapinduzi yalimwondoa mfalme Louis-Philippe. Watawala wapya wa mkoa walimwona Darcy kuwa mtu mwenye ushawishi mkubwa mno kwa wananchi, wakaamuru aondoke Dijon. Hivyo mtu aliyekataa malipo ya mji wake alihamishwa kutoka mji huohuo kwa sababu ya kupendwa. Alipelekwa kwanza Bourges, katikati ya nchi. Mwaka huohuo akapewa kazi mjini Paris ya kusimamia maji na barabara za mji mkuu. Mwaka 1850 alipandishwa cheo kuwa mkaguzi mkuu. Alisafiri pia Uingereza kuchunguza barabara za kokoto zilizoshindiliwa, akaandika taarifa juu yake.

Utafiti wa mabomba

Paris ilimpa Darcy nafasi ambayo Dijon haikumpa. Kati ya 1849 na 1851 alifanya majaribio ya mwendo wa maji katika mabomba huko Chaillot, akitumia mabomba 22 ya chuma, risasi, kioo na aina nyingine. Mengine yalikuwa membamba kama kidole, mengine yalikuwa na kipenyo cha nusu mita. Mengine yalikuwa mapya, mengine yalikuwa yamekaa kwa miaka mingi na kujaa kutu.

Fomula zilizotumiwa na wahandisi wakati huo hazikujali hali ya uso wa ndani wa bomba. Darcy alionyesha kwamba hali hiyo ina uzito mkubwa: bomba lenye kutu au ukwaruzo huyazuia maji zaidi kuliko bomba laini la ukubwa uleule. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1857. Jina lake limebaki katika mlinganyo wa Darcy na Weisbach, ambao wanafunzi wa uhandisi hujifunza hadi leo. Aliboresha pia kifaa cha kupimia kasi ya maji mtoni, kinachoitwa bomba la Pitot.

Jaribio la mchanga

Kufikia mwaka 1855 afya ya Darcy ilikuwa imedhoofika. Aliomba kuondolewa katika majukumu ya ofisi ili atumie nguvu zilizobaki kufanya utafiti, akarudi Dijon. Huko alitaka kujibu swali moja la kiutendaji. Miji mingi ilichuja maji ya mito kwa kuyapitisha kwenye tabaka la mchanga, lakini ukubwa wa machujio ulikisiwa tu. Hakuna aliyeweza kusema kwa hesabu ni eneo gani la mchanga linalohitajika ili kupata kiasi fulani cha maji kwa siku.

Ili kupata jibu, Darcy alisimamisha bomba nene la chuma katika hospitali ya Dijon. Kipenyo chake cha ndani kilikuwa sentimita 35. Ndani yake aliweka mchanga wa mto Saône, uliokaa juu ya wavu wa chuma. Maji ya hospitali yaliingia juu, yakapita kwenye mchanga na kutoka chini, yakapimwa kwa ujazo na muda. Manomita za zebaki, moja juu na nyingine chini, zilionyesha kanieneo ya maji kabla na baada ya kupita mchangani.

Majaribio ya kwanza yalifanyika mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1855, akisaidiwa na mhandisi Charles Ritter. Unene wa mchanga ulibadilishwa kutoka sentimita 58 hivi hadi takriban mita 1.7. Kulikuwa na usumbufu: kila bomba lilipofunguliwa au kufungwa hospitalini, zebaki ilipanda na kushuka, na ilibidi kuchukua wastani wa vipimo. Februari 1856 Ritter alirudia majaribio, safari hii akibadilisha pia kanieneo ya maji chini ya mchanga. Matokeo yalikuwa yaleyale.

Kanuni ya Darcy

Darcy alichapisha matokeo hayo mwaka 1856 katika kitabu chake kikubwa kuhusu maji ya Dijon, Les fontaines publiques de la ville de Dijon. Kina kurasa zaidi ya 600, na sehemu kubwa inahusu mfereji, matangi na mabomba. Kanuni iliyompatia umaarufu imo katika nyongeza, karibu na mwisho wa kitabu.

Kanuni hiyo inaweza kuandikwa hivi:

Q = K × A × h ÷ L

Hapa Q ni kiasi cha maji kinachopita kwa muda fulani, A ni eneo la mchanga yanamopita, h ni tofauti ya kimo cha maji kati ya juu na chini kama inavyoonyeshwa na manomita, na L ni unene wa mchanga. K ni namba inayotegemea aina ya mchanga: mchanga wenye chembe kubwa una K kubwa, na wenye chembe ndogo una K ndogo.

Kwa maneno mengine, ukiongeza tofauti ya kimo mara mbili, maji yanayopita huongezeka mara mbili. Ukiongeza unene wa mchanga mara mbili, maji hupungua hadi nusu. Kinachoyasukuma maji ni tofauti iliyopo kati ya pande mbili za mchanga, wala si kanieneo ya upande mmoja peke yake. Ndiyo sababu majaribio ya Februari 1856 yalikuwa na umuhimu.

Ndani ya mchanga maji hupita katika maelfu ya vijia vilivyopindapinda kati ya chembe, na hakuna awezaye kuvifuata kimoja kimoja. Kanuni ya Darcy haijaribu kuvifuata. Inajumlisha vijia vyote katika namba moja, K, inayoweza kupimwa.

Kifo

Darcy alianza pia utafiti mkubwa wa mwendo wa maji katika mifereji ya wazi, lakini hakuishi kuumaliza. Msaidizi wake, Henri Bazin, aliuendeleza na kuuchapisha mwaka 1865. Mwanzoni mwa Januari 1858, akiwa safarini Paris, Darcy alifariki kwa homa ya mapafu akiwa na umri wa miaka 54. Mwili wake ulirudishwa Dijon na kuzikwa huko.

Kutoka maji hadi mafuta na gesi

Mwaka 1863 mhandisi Mfaransa Jules Dupuit alitumia Kanuni ya Darcy kukokotoa maji yanayoingia kisimani. Kuanzia hapo ikawa chombo cha kila siku cha wataalamu wa maji ya ardhini.

Wataalamu wa mafuta waliipokea baadaye. Mafuta na gesi havikai ardhini kama ziwa ndani ya pango, bali hujaza vinyweleo, yaani matundu madogo yaliyo kati ya chembe za mwamba. Mwamba wa mchanga ulioshikamana hufanana sana na bomba la Darcy lililojaa mchanga wa Saône. Tofauti ni kwamba mafuta yana mnato mkubwa kuliko maji. Kwa hiyo K ilitenganishwa katika sehemu mbili: mnato wa kile kinachopita, na upenyezaji, yaani uwezo wa mwamba wenyewe kukipitisha.

Mwaka 1933 wataalamu wa Marekani walipendekeza upenyezaji upimwe kwa kipimo kinachoitwa darcy. Mwamba wenye upenyezaji wa darcy 1 hupitisha sentimita moja ya ujazo kwa sekunde katika eneo la sentimita moja ya mraba, iwapo kinachopita kina mnato unaokaribia ule wa maji na kanieneo inapungua kwa atimosfia 1 katika kila sentimita ya urefu. Miamba mingi ya mafuta ina upenyezaji mdogo kuliko huo, kwa hiyo hupimwa kwa elfu za darcy.

Mwamba wa sheli na mipaka ya kanuni

Sheli ni mwamba uliotokana na tope laini lililotua chini ya bahari au ziwa na kugandamizwa kwa mamilioni ya miaka. Mabaki ya viumbe vidogo yaliyozikwa ndani yake ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya mafuta na gesi duniani. Vinyweleo vyake ni vidogo mno: vingi vina upana wa nanomita chache hadi mamia kadhaa, wakati unywele wa binadamu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita.

Kwa hiyo upenyezaji wa sheli huhesabiwa kwa sehemu za bilioni za darcy. Tuchukue sheli yenye upenyezaji mdogo mara milioni 10 kuliko mchanga wa darcy 1. Kiasi kinachopita kwenye mchanga kwa sekunde 1 kitahitaji takriban siku 116 kupita kwenye sheli hiyo, mambo mengine yakiwa sawa.

Katika vinyweleo vidogo hivyo Kanuni ya Darcy peke yake haitoshi. Kanuni hiyo inachukulia kwamba molekuli hugongana zenyewe kwa zenyewe mara nyingi kuliko zinavyogonga kuta, na kwamba kinachopita hutulia kabisa ukutani. Katika tundu la nanomita chache, hasa kanieneo ikishuka, molekuli za gesi hugonga kuta mara nyingi na kuteleza juu yake. Mwanafizikia wa Denmark Martin Knudsen alieleza mwendo wa namna hiyo mwaka 1909, na mwaka 1941 L. J. Klinkenberg alionyesha jinsi ya kurekebisha vipimo vya upenyezaji kwa ajili yake. Matokeo yake ni kwamba gesi hupita zaidi kuliko Kanuni ya Darcy inavyotabiri. Aidha, sehemu ya gesi haielei kinywelea kikiwa kitupu, bali imenata kwenye kuta, na huachia polepole kadiri kanieneo inavyoshuka. Mafuta hali yake ni ngumu zaidi, kwa sababu molekuli zake ni kubwa na huvutwa na kuta. Katika visima vingi vya sheli, chini ya asilimia 10 ya mafuta yaliyomo ndiyo hutolewa.

Ili kupata gesi na mafuta hayo, maji yenye mchanga na kemikali husukumwa kisimani kwa nguvu kubwa hadi mwamba upasuke. Mchanga huingia katika nyufa na kuzizuia zisijifunge. Gesi husafiri polepole kutoka vinyweleo hadi ufa ulio karibu, kisha hupita haraka katika mchanga ulio ndani ya ufa hadi kisimani. Katika sehemu hiyo ya mwisho Kanuni ya Darcy hurudi kuwa msaada mkubwa, ingawa kasi ikizidi huhitaji marekebisho.

Njia hiyo ilienea Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hasa katika sheli ya Barnett huko Texas. Imezua ubishi mkubwa, kwa sababu hutumia maji mengi na huweza kuchafua maji ya ardhini isiposimamiwa vizuri. Ufaransa, nchi ya Darcy, iliipiga marufuku kwa sheria ya Julai 2011. Wataalamu wanaochunguza kama uchafu kutoka kisimani unaweza kufikia maji ya kunywa, na baada ya muda gani, nao hutumia Kanuni ya Darcy.

Kumbukumbu

Mara baada ya kifo chake, uwanja wa Dijon ulio karibu na tangi la kwanza la maji ulipewa jina la Darcy. Bustani iliyojengwa baadaye juu ya tangi hilo inaitwa Jardin Darcy. Umoja wa Ulaya wa sayansi za dunia hutoa medali yenye jina lake kwa watafiti wa maji, na chama cha maji ya ardhini cha Marekani huandaa mihadhara ya kila mwaka inayoitwa kwa jina hilohilo.

Darcy mwenyewe hakuwahi kushughulika na mafuta wala gesi. Kisima cha mafuta cha Edwin Drake huko Pennsylvania, kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa biashara ya kisasa ya mafuta nchini Marekani, kilichimbwa mwaka 1859, mwaka mmoja baada ya kifo chake.